Mdaiwa Aliyebaki

Mji wa Invercargill uko karibu na ncha ya kusini kabisa ya New Zealand, mahali ambapo upepo wa bahari haupumziki na mvua haisubiri msimu. Mwaka 1972 mtu mmoja alijengewa nyumba ya familia mjini humo. Mkaguzi wa halmashauri alikuja kuuangalia msingi, akaridhika, akaondoka. Miaka ikapita. Vikaanza kujitokeza vijiufa ukutani, na ilionekana ni nyumba inayotulia tu, kama nyumba zote mpya zinavyotulia. Milango ikaanza kukwama. Mwaka 1989, milango ilipozidi kugoma, akatafuta mtu wa kumkagulia, na hapo ndipo alipoambiwa jambo lililokuwa limejificha chini ya sakafu yake kwa miaka 17: msingi haukufika kwenye udongo mgumu.

Muda wa kudai kwa mkataba ulikuwa umekwisha zamani. Aliyemjengea hakuwa tena kwenye biashara. Kati ya wote waliohusika na msingi ule, aliyebaki na anwani, ofisi na fedha ni halmashauri ya mji. Akaifungulia kesi kwa uzembe wa mkaguzi wake, akashinda. Halmashauri ikakata rufaa, ikashindwa. Ikakata tena, safari hii hadi London.

Nimeanza na nyumba hii kwa sababu imebeba karibu kila kitu ambacho mwenye nyumba mbovu atakutana nacho akiamua kwenda mahakamani. Wengi hudhani kazi kubwa ni kuuthibitisha ubovu. Huja kwa wakili na picha za nyufa, vipande vya lipu, na ubao uliooza ndani ya mfuko wa plastiki. Kumbe hilo mara nyingi ndilo jepesi. Wataalamu wa pande mbili wakishautoboa ukuta, hawatofautiani sana juu ya walichokiona ndani. Ubishi uko kwingine: nani bado yupo wa kudaiwa, na je, saa ya sheria ingali inaruhusu? Hapo ndipo watu wanapopata nyumba zao au kuzikosa. New Zealand, nchi ya watu milioni tano hivi, imeyapitia maswali hayo mawili kwa uchungu kuliko nchi nyingine yoyote ninayoijua, na sura hii itakaa huko karibu yote.

Rufaa ya Invercargill ilifika mbele ya Baraza la Privy, chombo kilekile kilichowahi kusikiliza rufaa za mwisho kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda. Halmashauri ilikuwa na sababu ya kutumaini. Majaji wakuu wa Uingereza walikuwa wameufunga mlango huo nchini kwao miaka michache tu nyuma.

Kesi ya Uingereza ilitoka Brentwood, mji wa Essex. Mwaka 1970 mtu alinunua nyumba mpya, moja kati ya mbili zilizoshikana ukuta. Ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya kufukia, kwenye jamvi la zege, na halmashauri ilikuwa imeidhinisha michoro kwa kutegemea ushauri wa wahandisi wa nje. Mwaka 1981 jamvi likapasuka, kuta zikapasuka nalo, na mabomba ya gesi na ya maji machafu yakavunjika. Mwaka 1986 mwenyewe akaiuza kwa paundi 35,000 pungufu ya bei ambayo nyumba nzima ingepata. Alishinda kwenye mahakama mbili. Tarehe 26 Julai 1990 majaji saba wa Baraza la Malodi wakaugeuza ushindi huo, na wakaifuta pia hukumu yao wenyewe ya mwaka 1977, iliyohusu fleti za Merton, London, ambayo kwa miaka 13 ilikuwa imewaruhusu wenye nyumba kuzidai halmashauri.

Hoja yao ilikuwa hivi. Nyumba ile haikumjeruhi mtu wala haikuharibu mali nyingine. Ilijiharibu yenyewe tu, na mtu alipougundua ubovu, kilichobaki ni kwamba alinunua kitu chenye thamani ndogo kuliko alivyodhani. Hiyo ni hasara ya fedha, wakasema, na mahali pake ni kwenye mkataba wa mnunuzi na muuzaji. Haimhusu mkaguzi wa halmashauri.

Kwa mpangilio wa kisheria hoja hiyo ni safi, lakini mimi siwezi kuikubali. Inamaanisha kwamba dari likimwangukia mtoto, sheria ina la kusema, ila mzazi akiliona linalegea akakopa fedha kulitengeneza kabla halijaanguka, sheria haina lake. Mwangalifu ndiye anayebeba mzigo. Bunge la Uingereza lenyewe lilikuja kuona pengo hilo baada ya moto wa jengo la Grenfell mwaka 2017: sheria ya mwaka 2022 iliongeza muda wa kudai kwa nyumba zisizofaa kukaliwa hadi miaka 15 kwa ujenzi mpya, na miaka 30 kwa zilizokamilika kabla ya sheria hiyo kuanza kutumika.

Mwaka 1996 Baraza la Privy lilifanya jambo ambalo halmashauri ya Invercargill haikulitegemea. Lilikiri kwamba sheria iliyorithiwa kutoka Uingereza hailazimiki kuwa moja kila mahali. New Zealand, likasema, nyumba za watu wa kawaida hujengwa na wajenzi wadogo wadogo, mnunuzi haajiri mhandisi wake, na jamii nzima imezoea kuutegemea ukaguzi wa halmashauri. Majaji wa huko wanaijua nchi yao. Rufaa ikatupwa. Na juu ya saa likatoa jibu lililowafaa wenye nyumba: muda unaanza kuhesabiwa pale ubovu unapogunduliwa, au pale ambapo mtu makini angeugundua, kwa kuwa kabla ya hapo bei ya nyumba sokoni haijashuka na mwenyewe hajapoteza kitu.

Lakini Bunge la New Zealand lilikuwa limeshatangulia. Sheria ya Ujenzi ya mwaka 1991 iliweka ukuta wa miaka 10: ikipita miaka 10 tangu kosa lenyewe litendeke, hakuna kesi, hata kama mwenye nyumba ameligundua jana. Mtu aliyejengewa 1972 akagundua 1989 asingefua dafu chini ya kipengele hicho. Ukuta huo uliwekwa wakati ambapo nchi ilikuwa inaanza kujenga nyumba ambazo ubovu wake ungechukua karibu miaka hiyohiyo kujitokeza.

Kanuni za zamani zilikuwa zikimwambia fundi atumie ubao gani, wa unene gani, apigilie vipi. Sheria mpya ilitaka matokeo: nyumba izuie maji, idumu, iwe salama, namna ya kufika huko ikaachiwa wajenzi na wabunifu. Kampuni binafsi nazo zikaruhusiwa kuidhinisha majengo badala ya halmashauri. Wakati huohuo ikaingia mitindo ya nyumba za pwani ya Mediterania: kuta laini za rangi ya krimu, paa bapa, roshani juu ya vyumba vya chini, na karibu hakuna upenu. Ukuta wa mawe wa Uhispania unaweza kuishi bila upenu, kwani mvua ni chache na jiwe haliozi. Kuta za Auckland ndani yake zilikuwa fremu za mbao za msonobari, zimefunikwa kwa shiti zilizopigwa lipu nyembamba, bila nafasi ya hewa kati ya shiti na mbao. Halafu katikati ya miaka ya 1990 viwango vikaruhusu mbao hizo zikaushwe kwenye tanuri na kutumika bila dawa. Zamani zilitiwa boroni dhidi ya wadudu, na boroni hiyo ilisaidia pia kuchelewesha kuoza.

Kila uamuzi kati ya hayo, peke yake, ungeweza kuvumilika. Yalipokutana yote, maji yaliyopenya kwenye kona ya dirisha au kwenye kiungio cha roshani yaliingia na hayakuwa na pa kutokea. Mbao zikaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo au ya mawe ya matumbawe walisema kweli, kwa sababu ufa unaonekana na mwenye macho hana udhuru. Nyumba hizi hazikutoa ufa. Zilitoa harufu ya kuvu kwenye zulia, mtoto anayekohoa kila majira ya baridi, doa la rangi ya chai karibu na sakafu. Mama wa nyumba akapaka rangi juu ya doa. Nani angeenda kwa wakili na doa?

Mwaka 2002 timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Don Hunn iliandika kwamba ulioshindwa ni mfumo mzima, si fundi mmoja mzembe. Mwaka huohuo Bunge likaunda huduma maalumu ya madai ya nyumba zinazovuja, na sheria ya 2006 ikaanzisha baraza la usuluhishi la kuyasikiliza. Katika sheria hizo kulikuwa na kipengele kimoja ambacho naamini kiliokoa familia nyingi kuliko hotuba zote za mawaziri: mwenye nyumba akiwasilisha ombi la kukaguliwa ndani ya miaka 10, saa inasimama. Hakuhitaji wakili siku hiyo. Alihitaji fomu. Mwaka 2009 kampuni ya PricewaterhouseCoopers, kwa kazi iliyoagizwa na serikali, ilikadiria nyumba zilizoathirika kuwa 42,000, pengine 22,000, pengine 89,000, na gharama kuwa dola bilioni 11.3 za nchi hiyo. Upana wa makadirio hayo unaeleza hali halisi: hakuna aliyeweza kuhesabu, kwa kuwa ubovu ulikuwa nyuma ya lipu, na wengi waliougundua walinyamaza.

Kunyamaza huko kuna sababu. Siku unayoandika barua ya madai, nyumba yako inaingia kwenye kumbukumbu za halmashauri kama nyumba inayovuja. Bei inaporomoka, benki inasita, jirani mwenye fleti ya kuta hizohizo anaacha kukusalimu kwa sababu umeishusha na ya kwake. Kwenye majengo ya fleti uamuzi wa kwenda mahakamani hupigiwa kura na wamiliki wote, na hapo mjane wa ghorofa ya tatu anayelala kwenye unyevu anakaa meza moja na mpangishaji anayeishi mji mwingine, ambaye anataka kuuza haraka kabla habari hazijaenea. Mikutano hiyo imevunja urafiki wa miaka. Wakati huo mvua haingoji kura.

Wakishakubaliana, kesi inaanza kukusanya watu. Wadaiwa huwa wengi: aliyeendeleza kiwanja, mkandarasi, msanifu, fundi wa lipu, fundi wa paa, msambazaji wa shiti, halmashauri. Kila mmoja ana wakili na mtaalamu wake, na kila mmoja anamnyooshea kidole mwenziwe. Mwenye nyumba naye lazima amlipe mpimaji wa majengo atakayetoboa kuta na kupima unyevu, na mkadiriaji majenzi atakayesema ukarabati utagharimu kiasi gani. Halafu wadaiwa wanaanza kupukutika. Aliyeendeleza kiwanja alifungua kampuni kwa ajili ya mradi ule mmoja, akaifunga nyumba ya mwisho ilipouzwa. Fundi wa lipu amehamia Australia. Kampuni binafsi zilizoidhinisha majengo zilipoteza bima zao, zikafunga milango. Bima ya msanifu ina kipengele kinachosema hailipii maji kuingia. Mwisho wa mpukutiko huo, kama ilivyokuwa Invercargill, anabaki mmoja.

Hapa lazima nieleze kanuni moja, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. New Zealand wadaiwa waliosababisha hasara moja huwajibika kwa pamoja na kila mmoja kwa yote. Tuseme ukarabati ni dola 400,000, na mahakama inaona mkandarasi ana asilimia 80 ya lawama na halmashauri asilimia 20, mgawo ambao umekuwa wa kawaida katika kesi hizi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dola zote 400,000 kutoka kwa yeyote kati yao, na atakayelipa ndiye atakayehangaika kumtafuta mwenziwe. Mkandarasi akiwa amefilisika, halmashauri inalipa zote. Halmashauri zililalamika kwamba walipa kodi ya majengo wanabebeshwa dhambi za watu waliokimbia na faida. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini tazama upande wa pili: mtu lazima abaki na mzigo wa aliyetoroka, na wa kuchagua ni wawili tu, yule aliyekagua akaweka sahihi, na yule aliyeiamini sahihi hiyo.

Tarehe 17 Desemba 2010 Mahakama ya Juu ya New Zealand ilichagua. Kesi ilihusu fleti za Sunset Terraces, kaskazini mwa Auckland. Halmashauri ilidai kwamba wajibu wake, kama upo, ni kwa nyumba ndogo ya mtu anayeishi humo, si kwa majengo ya fleti wala kwa wawekezaji wanaopangisha. Mahakama ikakataa. Nyumba ni nyumba, awe anakaa mwenyewe au mpangaji. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya jengo la Spencer on Byron, lenye hoteli na fleti chache juu yake, ikaupanua wajibu huo hadi majengo ya biashara.

Serikali kuu, iliyotunga sheria na kusimamia viwango, ilikuwa imeponyoka mapema: Mahakama ya Rufani ilisema chombo chake cha usimamizi wa ujenzi hakikuwa na wajibu kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Mwaka 2011 serikali hiyo ikaja na mpango wa msaada: serikali robo, halmashauri robo, mwenye nyumba nusu, naye aahidi kutozidai hizo mbili. Waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Nusu ya gharama bado ni mkopo wa pili wa nyumba juu ya ule wa kwanza.

Watengenezaji wa shiti walikuwa wagumu zaidi. Wamiliki walioishitaki kampuni ya James Hardie kwa ajili ya shiti zake ziitwazo Harditex walikaa mahakamani kwa miezi Wellington, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikasema hawakuthibitisha kwamba shiti zenyewe ndizo zilizokosewa. Zikifungwa kama maelekezo yanavyotaka, zingeweza kufanya kazi. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Hivyo bidhaa ikatoka bila lawama, na lawama ikarudi kwa fundi aliyezifunga, ambaye aghalabu hapatikani.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Mahakama za Kenya na Tanzania zilirithi shina hilohilo la sheria, na hukumu za London bado husomwa humo kama hoja za kushawishi, zikiwemo za Brentwood na Invercargill zinazopingana. Saa zetu ni fupi: kwa sheria za ukomo za nchi zote mbili, dai la mkataba lina miaka 6, dai la uzembe miaka 3. Na sisi tunazungumza juu ya ujenzi mbovu pale jengo linapoanguka, kama Huruma mwaka 2016 au Kariakoo mwaka 2024. Kamati inaundwa, viongozi wanafika, kifusi kinaondolewa. Ubovu wa polepole, sakafu inayozama, lipu inayobanduka kwa sababu mchanga ulikuwa na chumvi, nondo zinazoota kutu ndani ya nguzo, hauundiwi kamati. Mwenye nyumba humpigia simu fundi, fundi husema nakuja kesho, na kesho hizo ndizo zinazoila miaka mitatu. Nimewaona watu wa karibu nami wakipoteza haki yao hivyo, kwa upole na heshima, wakiamini kwamba barua ya wakili ni uhasama. Hawakuwa na mkataba wa maandishi, wala picha hata moja ya msingi kabla haujafukiwa, wala stakabadhi ya saruji. Ukiwauliza msingi ulichimbwa futi ngapi, jibu lilikuwa fundi ndiye ajuaye.

Auckland hadi leo ukipita unaweza kuliona jengo limezungushiwa plastiki nyeupe kuanzia juu hadi chini, kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Ndani yake mafundi wanavua ngozi yote ya nje, wanakata mbao zilizooza, wanaweka mpya zenye dawa, na kuacha nafasi ya hewa ambayo kanuni zilizorekebishwa mwaka 2004 zinaitaka kwenye kuta zilizo hatarini. Baadhi ya plastiki hizo zimelipiwa na hukumu za mahakama, na karibu kila mara mlipaji mkubwa ni halmashauri, mdaiwa aliyebaki.

Huenda isiwe hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2014 Tume ya Sheria ya nchi hiyo iliichunguza kanuni ya wote kwa yote na kushauri ibaki. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba itaiondoa kwenye ujenzi: kila mdaiwa alipe sehemu yake tu, na pengo lizibwe kwa dhamana na bima. Turudi kwenye dola zetu 400,000. Mkandarasi ametoweka na asilimia zake 80. Halmashauri inaandika hundi ya dola 80,000 na inamaliza kazi yake. Dola 320,000 zilizobaki zitatoka kwenye bima, kama bima hiyo ilikatwa, kama bado ina nguvu mwaka wa tisa, na kama haina kipengele kinachosema hailipii maji kuingia.